Kabla ya Kukitangaza Kiwango cha Telemetria Kuwa Thabiti: Mwongozo Kamili wa Kukijaribu katika Lugha Kadhaa za Programu

Ukiambiwa kwamba katika Soko la Kilombero hapa Arusha yameshushwa magunia 40 ya vitunguu kutoka Mang'ola, bado hujajua zimeshushwa kilo ngapi. Gunia lililofungwa kwa kipimo halali na gunia la lumbesa, lile lililorundikwa kupita mdomo wake na kukazwa kwa kamba, yote yanaitwa gunia, na mkulima ndiye anayebeba hasara ya jina hilo moja. Telemetria ya programu za kompyuta nayo ina lumbesa yake. Sifa moja, yenye jina moja lililoandikwa vizuri katika waraka, hutumwa na huduma zilizoandikwa katika lugha tofauti za programu, na kila huduma hujaza ndani ya jina hilo kiasi chake.

Katika mwongozo huu neno telemetria lina maana ya taarifa ambazo programu huzitoa kuhusu mwenendo wake ikiwa kazini. Ziko tresi, yaani nyayo za ombi moja tangu linapoingia hadi linapojibiwa, zikiwa zimegawanywa katika vipande viitwavyo spani. Ziko metriki, yaani hesabu na vipimo vinavyojumlishwa kwa muda. Na ziko logi, ambazo kila mwandishi wa programu anazifahamu. Kiwango cha telemetria ni makubaliano ya majina, aina, vizio (kama kilo au sekunde) na maumbo ya taarifa hizo, ili zile zinazotoka katika huduma ya Java na zile zinazotoka katika huduma ya PHP zisomeke kama zimetoka kinywani mwa mtu mmoja. Mradi unaojulikana zaidi katika uwanja huu ni OpenTelemetry, ulioanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha miradi miwili iliyoutangulia, OpenTracing na OpenCensus. Hata hivyo, ofisi yoyote yenye huduma tatu zilizoandikwa kwa lugha tatu tayari ina kiwango chake, hata kama hakijaandikwa popote, na mwongozo huu unamhusu mwenye kiwango hicho kidogo sawasawa na anayechangia katika ule mradi mkubwa.

Gharama ya kutamka "thabiti" mapema

Timu yetu hapa Arusha hutengeneza mfumo wa kupokea mizigo ya mazao. Programu ya simu inayosoma mizani imeandikwa kwa Kotlin, huduma ya mapokezi kwa Go, stakabadhi hutolewa na tovuti ya zamani ya PHP, skrini za ofisini ziko kwa JavaScript na ripoti za mwisho wa wiki hutengenezwa kwa Python. Tulipoandika kanuni zetu za telemetria tulizijaribu katika Go peke yake, kwa kuwa mwandishi wa waraka alikuwa mtu wa Go na huduma kubwa kuliko zote ilikuwa yake, kisha tukazitangaza kuwa thabiti. Sifa ya uzito wa mzigo ikaanza kutumwa na kila upande. Go ilituma 62.5 kama namba ya desimali, kwa kilo. Kotlin ilituma 62500, namba kamili, kwa sababu mizani yenyewe huzungumza kwa gramu. PHP ilituma maandishi yenye tarakimu ndani yake, kwa kuwa ndivyo yalivyokuwa yametoka kwenye hifadhidata. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amevunja waraka, maana waraka ulisema tu kwamba uzito urekodiwe.

Kurekebisha msimbo kulichukua siku mbili, lakini kuliondoa jina lile kulichukua msimu mzima, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuingia katika chati, katika kengele za tahadhari zinazowaamsha watu usiku, na katika ripoti ambazo wasimamizi wa maghala walikuwa wamezizoea. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanaotunza viwango vya kimataifa ni wazito wa kutamka neno hilo. OpenTelemetry inapotangaza kwamba kiolesura chake ni thabiti, inaahidi kuendelea kukihudumia kwa muda usiopungua miaka 3 hata baada ya toleo kubwa linalofuata kutoka. Wataalamu wa itifaki za intaneti waliandika mwaka 1996, katika waraka wao uitwao RFC 2026, kwamba pendekezo haliwezi kupanda daraja bila kuwepo utekelezaji wa aina mbili, ulioandikwa na watu wasiotegemeana, unaoweza kuwasiliana. Sharti hilo limezaliwa na uzoefu: waraka unaosomeka vizuri huficha mambo ambayo mtu huyaona tu anapojaribu kuutekeleza.

Hatua ya kwanza: geuza waraka uwe madai yanayoweza kukanushwa

Kabla ya kuandika mstari hata mmoja wa msimbo, pitia waraka wako na utoe ndani yake kila sentensi inayomtaka mtekelezaji afanye jambo fulani. Sentensi isiyoweza kupimwa iandikwe upya au iondolewe. Dai letu la uzito, baada ya kurekebishwa, linasomeka hivi: "Spani ya mapokezi LAZIMA iwe na sifa mzigo.uzito, ya aina ya namba ya desimali ya biti 64, kwa kilo. Uzito usipojulikana, sifa hiyo isiwepo kabisa; isipewe sifuri wala maandishi matupu." Sehemu ya mwisho ya dai hilo inaonekana kama nyongeza ndogo, lakini ndiyo yenye kazi. Katika Go, namba ambayo haijajazwa huwa sifuri yenyewe na maandishi yasiyojazwa huwa matupu. Katika Java na Kotlin kuna null, yaani alama ya "hakuna kitu". JavaScript ina null na tena ina undefined. Waraka usipotofautisha "hakuna" na "sifuri", kila lugha itakuamulia kwa namna yake, na mzigo ambao haujapimwa utahesabiwa kuwa mzigo wenye kilo 0.

Maneno ya kulazimisha yatumike kwa nidhamu. RFC 2119 ya mwaka 1997 iliweka ngazi za lazima, inapendekezwa na inaruhusiwa, na waraka wa Kiswahili unaweza kuzishika ngazi hizo bila shida yoyote mradi maana yake ielezwe mara moja mwanzoni. Mimi hupenda kuyapa madai namba, ili mjadala uhusu "dai la 7" na usihusu hisia ya mtu kuhusu aya nzima.

Hatua ya pili: chagua lugha zitakazokukatalia

Hapa ndipo penye uzito kuliko mahali pengine popote, na ndipo timu nyingi hurahisisha mambo. Ni kawaida kuchagua lugha ambazo watu waliopo wanazijua vizuri, na mara nyingi lugha hizo hufanana kitabia, kwa hiyo jaribio hupita bila kufunua lolote. Java na Kotlin, kwa mfano, kwa kawaida hukaa juu ya mashine pepe moja ya kuendeshea programu. Ukizihesabu kuwa ni mbili unajidanganya.

Chagua lugha tatu zisizopungua. Zikiwa mbili na zikatofautiana, hutajua kama kosa liko katika waraka au katika lugha mojawapo; ya tatu ndiyo inayokuonyesha mwelekeo. Na uzichague kwa tabia nne.

Tabia ya kwanza ni namna lugha inavyobeba muktadha wa ombi, yaani taarifa za ombi linaloshughulikiwa. Waraka ukisema "tumia spani iliyo hai sasa", neno "sasa" lina maana tofauti kila mahali. Katika Java muktadha hutundikwa kwenye uzi wa utekelezaji, na kazi ikikabidhiwa uzi mwingine muktadha hubaki nyuma usipobebwa kwa makusudi. Katika Go hakuna cha kutundika popote: muktadha hupitishwa mkono kwa mkono kama hoja ya kwanza ya kila funksheni, na funksheni isiyoupokea haina "sasa" yoyote. JavaScript ndani ya Node hushughulikia maombi mengi kwa zamu kwenye uzi mmoja, kwa hiyo kuutundika kwenye uzi kungechanganya maombi ya watu wote, na ndiyo sababu kukahitajika hifadhi maalumu inayofuata mnyororo wa kazi zinazosubiriana. Waandishi wa kiwango cha OpenTelemetry walilazimika kuandika kwamba baadhi ya kazi za muktadha zinahusu tu lugha zinazoubeba kwa kujificha. Sharti la namna hiyo haliwezi kuandikwa na mtu aliyejaribu katika Java peke yake.

Tabia ya pili ni uhai wa programu. PHP kwa kawaida huanza kila ombi ikiwa na kumbukumbu tupu na huisahau yote ombi linapokwisha. Sasa chukua dai lisemalo kwamba kihesabio kitoe jumla tangu programu ilipoanza. Katika Go kihesabio kitasema 1, 2, 3, na kuendelea. Katika PHP kitasema 1, kisha 1, kisha 1, na kwa mujibu wa waraka kitakuwa sahihi kila mara. OpenTelemetry ina njia mbili za kuhesabu, ya jumla limbikizi na ya tofauti tangu ripoti iliyopita, na kiwango chako kinapaswa kusema ni ipi inakubalika wapi. Mifumo mingi ya biashara na ya ushirika ninayokutana nayo Arusha na Moshi bado iko kwa PHP, kwa hiyo ningemshauri yeyote anayeandika kiwango kitakachotumika huku asiiache nje ya majaribio kwa kudhani kwamba wakati wake umepita.

Tabia ya tatu ni namba, na ya nne ni maandishi. Hizi mbili nitazionyesha kwa mifano katika hatua ya nne.

Hatua ya tatu: kila mfano uandikwe na mtu wake, kwa kusoma waraka tu

Mfano wa awali si toleo la kutumiwa na wateja. Ni msimbo mfupi, unaoruhusiwa kuwa mbaya, ulioandikwa ili kuujaribu waraka. Kwa sababu hiyo ni vibaya sana mtu mmoja kuandika mifano yote mitatu, hata kama anazimudu lugha zote, maana atahamisha kichwani mwake majibu ambayo waraka haukuyatoa. Vivyo hivyo, anayeandika mfano wa PHP asifungue msimbo wa Go kuangalia mwenzake alifanyaje.

Badala ya kuulizana mdomo kwa mdomo, fungueni daftari moja la maswali. Mwandishi akikwama, anaandika namba ya dai, swali lake, na jibu alilojichagulia ili kazi iendelee. Katika raundi yetu ya pili, wakati huu tukiwa tumejifunza, kijana aliyeandika upande wa Python aliuliza: "Dai la 4: muda wa kupokea mzigo unaanza lori linapofika getini au gunia la kwanza linapopanda mizani?" Mwandishi wa waraka alikasirika kidogo, kwa kuwa jibu lilikuwa dhahiri kwake. Siku hiyohiyo tukakuta kwamba upande wa Kotlin ulikuwa umeanza kuhesabu kwenye mizani na upande wa Go getini. Swali lililoandikwa na mtu mmoja na kunyamaziwa na wengine wawili ndilo la kuchunguzwa kwanza, kwa sababu wale wawili hawakukosa swali. Walikuwa wamekwisha kulijibu bila kujua.

Hatua ya nne: pitisha safari moja yenye jibu linalojulikana

Mkaguzi wa mizani haji kuuliza mizani inafanyaje kazi. Huja na mawe yenye uzito unaojulikana, huyaweka juu yake, na husoma. Fanya hivyo. Tunga safari moja ndogo ambayo majibu yake yote umeyaandika kwenye karatasi kabla ya kuanza: mzigo mmoja, kutoka kijiji fulani, wa kilo 62.5, uliopokelewa saa fulani, ukakosewa mara moja na kurudiwa. Kila mfano uitekeleze safari hiyohiyo na kutuma matokeo kwenye kikusanyaji kimoja. Kikusanyaji cha OpenTelemetry hupokea taarifa kupitia tundu 4317 kwa gRPC na 4318 kwa HTTP, na kinaweza kupangwa kuandika kila kilichopokelewa kwenye faili. Faili hizo ndizo utakazozilinganisha, sifa kwa sifa. Usiridhike na picha ya kwenye chati, maana chati hupenda kusamehe: itageuza maandishi "62.5" kuwa namba na kukuonyesha mstari ulionyooka.

Tuliandika kijiji kuwa Mang’ola, tena kwa alama ya ritifaa (apostrofi) iliyopinda, ile ambayo simu nyingi huiweka zenyewe mtu anapoandika. Waraka wetu ulisema kwamba maandishi marefu yakatwe yakizidi idadi fulani ya "herufi", na kwa ajili ya jaribio tukakiweka kikomo hicho kuwa 5. Python inalihesabu neno hilo kuwa na herufi 8, na Kotlin pia 8. Go, ukiiuliza urefu kwa njia ya kawaida, hujibu 10, kwa sababu huhesabu baiti na ile alama iliyopinda pekee huchukua baiti 3. PHP nayo, kwa funksheni yake ya kawaida, hujibu 10. Mfano wa Go ulipokata baada ya baiti ya 5 ulibaki na "Mang" pamoja na baiti ya kwanza ya alama ile, ikiwa imekatwa kiuno. Kipande hicho si maandishi halali ya UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti, na protobuf, ambayo ndiyo hubeba taarifa hizi, hukataa maandishi yasiyo halali. Kilichopotea hakikuwa jina la kijiji tu. Kifurushi kizima cha spani zilizokuwa zikisafiri pamoja nalo kilikataliwa kuandikwa. Baadaye tuliongeza kwenye maelezo ya mzigo ile picha ndogo ya kitunguu ambayo makarani huipenda, na hapo hata Kotlin na Python zikaachana: Kotlin inaihesabu kuwa 2, Python 1, Go 4. Neno "herufi" lilikuwa limekaa katika waraka wetu miezi kadhaa bila kumsumbua mtu.

Mfano wa pili ni wa namba. Saa za spani katika OpenTelemetry huhesabiwa kwa nanosekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, ndani ya namba kamili ya biti 64. Tulichukua saa tisa kamili za usiku, kwa saa zetu, kuamkia Januari 1, 2024, tukaongeza sehemu ya sekunde, tukapata 1704067200123456789. Go na Kotlin ziliituma kama ilivyo. JavaScript, ikiipokea kama namba ya kawaida, huichapisha kuwa 1704067200123456800. Sababu ni kwamba namba ya kawaida ya JavaScript ni desimali ya biti 64, ambayo hushika namba kamili kwa uhakika hadi 9007199254740991 tu. Katika ukubwa wa namba yetu, hatua kati ya namba moja na inayofuata ni 256. Spani mbili zilizopishana kwa nanosekunde 100 zinaweza kuonekana kuwa za wakati mmoja. Kwa saa hilo huenda likavumilika, ila namba ya stakabadhi yenye tarakimu 19 ikipitia mlango huohuo itarudi ikiwa ya mtu mwingine. OTLP, yaani itifaki ya kusafirishia taarifa za OpenTelemetry, inapoandikwa kwa JSON, huziweka namba za biti 64 ndani ya alama za kunukuu kama maandishi, na maktaba ya JavaScript hushika muda kwa namba mbili, sekunde upande mmoja na nanosekunde upande wa pili. Kiwango chako kinapobuni sifa ya namba kubwa, jiulize mapema kama si vema iwe maandishi tangu mwanzo.

Hatua ya tano: vizio, na ndoo za histogramu

Vizio vinahitaji jaribio lao peke yao, kwa kuwa kosa lake halikatai chochote wala halitoi ujumbe. Mfano mzuri uko katika historia ya kanuni za HTTP za OpenTelemetry, ambazo zilitangazwa kuwa thabiti Novemba 2023. Kabla ya hapo, muda wa seva kushughulikia ombi ulirekodiwa kwa jina la http.server.duration, kwa milisekunde. Katika kuelekea uthabiti ilikubaliwa urekodiwe kwa sekunde, na jina likawa http.server.request.duration. Badiliko hilo lingeonekana dogo: gawanya kwa 1000 na uendelee. Lakini histogramu hugawa vipimo katika ndoo, na mipaka ya kawaida ya ndoo hizo ilianzia 0, 5, 10, 25 na kupanda hadi 10000, ikiwa imefikiriwa kwa milisekunde. Ombi la milisekunde 200, likiandikwa 0.2, huangukia ndoo iliyo kati ya 0 na 5. La sekunde 3 huangukia humohumo. Maombi karibu yote hurundikana katika ndoo moja, na anayetafuta kujua asilimia 95 ya maombi hujibiwa ndani ya muda gani hupata jibu lisilo na maana yoyote.

Tiba yake haikuwa kusahihisha namba. Ilibidi kanuni zipendekeze mipaka mipya, kuanzia 0.005 hadi 10, na kiolesura cha metriki kipewe njia ya mwandishi wa kipimo kushauri mipaka inayofaa, kisha kila lugha iwe na njia hiyo. Hitaji la sehemu moja ya kiwango liligundulika kutokana na kuitekeleza sehemu nyingine. Ninaona hii kuwa hoja yenye nguvu kuliko zote kwa yeyote anayedai kwamba mifano ya awali hupoteza muda.

Kwa hiyo, katika safari yako ya majaribio weka vipimo vitatu vya muda vilivyo mbali, tuseme milisekunde 8, milisekunde 200 na sekunde 3, na uhakikishe kwamba katika kila lugha vimeangukia ndoo tatu tofauti, zilezile.

Hatua ya sita: kiweke kiwango ndani ya programu ya mtu mwingine

Safari ya majaribio huandikwa na watu wanaokipenda kiwango. Chukua sasa programu halisi, ikiwezekana iliyoandikwa na watu wasiokijua, na ukipachike humo kwa wiki chache kikiwa bado na alama ya majaribio. Angalia mambo mawili. La kwanza ni idadi ya thamani tofauti ambazo kila sifa ya metriki huchukua. Jina la mkulima likiwekwa kuwa sifa ya metriki, kila mkulima huzaa mfululizo wake wa vipimo na hifadhi hujaa. La pili ni mzigo kwa chombo chenyewe. Simu ya karani wa kijijini, inayotumia bando la kulipia na yenye mtandao wa kukatikakatika, si seva, na sifa kumi za ziada kwa kila spani zina bei yake hapo.

Hatua ya saba: lugha moja ikikataa

Itafika siku lugha mbili zinatekeleza dai vizuri na ya tatu haiwezi, au inaweza kwa kujipinda. Kwanza thibitisha kwamba ni lugha inayokataa na siyo uchovu wa mwandishi. Mpe mtu wa pili wa lugha hiyo dai lilelile. Ikiwa kweli inakataa, una njia tatu za halali: kulilegeza dai kwa wote, kuandika waziwazi kwamba dai linahusu lugha za tabia fulani tu, au kuliondoa dai kwenye toleo hili na kuliacha liendelee kujaribiwa. Njia ya nne, ya kuuacha waraka kama ulivyo na kuweka kiraka ndani ya msimbo wa lugha ile, ndiyo inayozaa lumbesa. Kiraka hakisomwi na mtu wa lugha ya tano atakayekuja mwakani.

Kila marekebisho yafanyike kwenye waraka kwanza, kisha mifano yote mitatu irekebishwe kuufuata na safari irudiwe tangu mwanzo. Ni kazi ya kuchosha. Sisi tuliirudia safari yetu mara sita, na mara ya tano bado ilifichua kwamba PHP ilikuwa ikituma kitambulisho cha tresi kwa base64 pale ambapo OTLP ya JSON hutaka tarakimu za heksadesimali.

Hatua ya nane: tangaza kwa vipande, na uandae njia ya kuhamia

Hakuna ulazima wa kukitangaza kiwango kizima kwa siku moja. OpenTelemetry yenyewe ilitoa toleo 1.0 la kanuni za tresi Februari 2021, huku metriki na logi zikifuata baadaye kadiri zilivyokomaa. Weka alama ya hali kwenye kila sehemu ya waraka: inaendelezwa, thabiti, imeachwa. Sehemu ambayo haijapita katika lugha tatu ibaki katika hali ya kuendelezwa hata kama ni fupi na inaonekana rahisi.

Kwa wale waliokwisha kutumia majina ya zamani, andaa kipindi cha mpito kabla ya tangazo. Kanuni za HTTP zilipobadilika, http.method ikawa http.request.method na http.status_code ikawa http.response.status_code, na maktaba zilizokuwa zikitoa majina ya zamani zilitakiwa kuheshimu neno la mpangilio (environment variable) linaloitwa OTEL_SEMCONV_STABILITY_OPT_IN. Likipewa thamani ya http, majina mapya tu hutumwa. Likipewa http/dup, ya zamani na mapya hutumwa pamoja, ili wenye chati wahamie kwa nafasi yao kabla ya kuzima ya zamani. Utaratibu huo huongeza ukubwa wa taarifa kwa muda, na gharama hiyo ielezwe wazi kwa anayelipia hifadhi. Sisi tuliuiga kwa sifa zetu za mizigo na tukaupa mwisho wenye tarehe, baada ya msimu wa vitunguu kupita, ili pasiwe na karani anayebadilishiwa skrini malori yakiwa yamepanga foleni.

Pamoja na waraka uliotangazwa, hifadhi mifano yote mitatu ya awali, daftari la maswali pamoja na majibu yake, na faili la safari lenye matokeo yanayotarajiwa. Faili letu lina mistari michache tu: kilo 62.5, Mang’ola yenye alama iliyopinda, picha ya kitunguu, 1704067200123456789, vipimo vitatu vya muda na uzito mmoja usiojulikana. Mwezi uliopita alikuja mwandishi wa Rust kutoka Moshi kuunganisha mizani ya ghala jipya, akaomba kueleweshwa kiwango chetu. Tulimpa waraka na faili hilo. Alirudi baada ya siku tatu na maswali mawili, na la kwanza lilihusu dai la 9, ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kuliuliza. Dai la 9 sasa limerudishwa katika hali ya kuendelezwa.